Landrova Iliyogawiwa Kama Ng'ombe

Mzee Nikolausi wa Tlawi alikuwa dereva kwa miaka ishirini na miwili, na gari aliloliendesha halikuwa lake. Ilikuwa Landrova ya parokia, ya kijani kilichopauka, yenye turubai nyuma. Alibebea humo wagonjwa, maharusi, majeneza, mbegu za ngano, na siku moja ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, huku mwenye ng'ombe amekaa naye nyuma, amemshika pembe na anasali rozari. Parokia ilipopata gari jipya, hilo la zamani likauzwa. Mzee akatoa mitamba wawili, akalichukua, akapiga honi kuanzia kanisani mpaka nyumbani kwake.

Lilitembea mwaka mmoja. Kisha likazimika chini ya mkaratusi ulio mbele ya nyumba yake, na kwa miaka kumi na mitatu halikuwaka tena.

Nasimulia habari hizi kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu kuna mtu huko Dirma anayezisimulia vibaya.

Miaka hiyo yote mzee hakukaa bure. Kila jioni akitoka shambani alinawa mikono, akafungua boksi la spana alilolifunga kwa blanketi kuukuu, akaichafua mikono upya. Alifungua kitu, akakisafisha kwa mafuta ya taa, akakitazama, akakirudisha. Wanaume wengine wana pombe, wengine wana siasa. Yeye alikuwa na gari lake. Mkewe, Bibi Zita, aliwaambia wageni: "Huyu ni mume wangu, na yule pale chini ya mti ni mke mwenzangu. Mimi nakula ugali, yeye anakula grisi."

Mwaka wa tatu mzee alilifungua gari lote ili alitengeneze toka mwanzo. Wiki ile ile wezi wakaiba betri na kabureta. Watoto wake walioko mjini wakapiga simu: "Baba, uza skrepa, pumzika." Mzee akazima simu, akafanya alichofanya baba yake na babu yake walipokuwa na mali ya kuogopea. Akaligawa.

Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe kumi hawalazi wote kwenye zizi lake. Ugonjwa ukiingia, au kijicho, unaamka huna hata mmoja. Kwa hiyo unampa huyu wawili, yule mmoja, wakae kwao. Anayetunza anakunywa maziwa na anapata mbolea ya shamba. Haruhusiwi kuuza. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi ili uamini kwamba alikufa kweli. Na siku ukija kumchukua, unakuja na zawadi, na baadaye unamwachia mtunzaji ndama. Mzee Nikolausi alisema gari lake litafuata sheria hiyo hiyo, neno kwa neno.

Boneti akampa Agatha, anayelima vitunguu saumu, na Agatha akawa anaanikia vitunguu vyake juu yake. Rejeta alipewa Gidion, seremala, akaifanya dirisha la banda la kuku: upepo unapita, kicheche hapiti. Gia boksi na mlango wa kushoto vilikwenda kwa Margwe. Mlango huo Margwe aliufunga chooni. Kikawa choo cha pekee Tlawi chenye kitasa cha chuma na dirisha la kusukuma pembeni, na mtu aliyekuwa ndani aliweza kulifungua kidogo akaitikia salamu za wapita njia. Injini ilibaki kwa mzee mwenyewe, chumbani, upande anaolala Bibi Zita.

Mimi nilipewa kiti cha mbele, kile cha abiria.

Nilikuwa sina hata kigoda. Mume wangu, Julius, alikuwa amefariki mwaka ule, na kaka yake, Yohanes, aliwazungukia ng'ombe wetu waliokuwa kwa watu, akawachukua mmoja mmoja. Wengine niliwaswaga mwenyewe kwenda huko, na binti yangu Fabiola mgongoni. Siku ya kikao cha mirathi Yohanes alisimama mbele ya wazee akasema: "Ng'ombe hawa walipelekwa watunzwe tu. Hata ipite miaka ishirini, mwenyewe akija anaondoka nao." Mwenyewe alikuwa yeye. Mimi niliambiwa niweke dole gumba kwenye karatasi. Nikaweka, nikidhani pameandikwa jina langu. Palikuwa pameandikwa kwamba nimekubali. Yohanes akahamia Dirma na ng'ombe, akabeba na viti vya sebuleni. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye darasa la watu wazima kanisani, lakini karatasi ile ilikuwa imeshasomwa.

Mzee Nikolausi alikuja na kiti begani, akakiweka katikati ya sebule iliyo tupu.

"Letisia mwanangu, nitunzie huyu," alisema. "Maziwa yake ni kukalia."

Nikamkalia miaka kumi.

Tangu kikao kile nilijiwekea utaratibu wangu. Mali ya mtu ikipita mbele ya macho yangu, sisahau imekwenda kwa nani. Nikipita kuuza maharage na mayai, niliviona vipande vya Landrova viko kazini kwake kila kimoja, nikavikariri kama wengine wanavyokariri majina ya watakatifu.

Mwaka jana, maharage yalipoanza kukauka shambani, Bibi Zita alisema imetosha. Alitaka pale chini ya mkaratusi pajengwe banda la ng'ombe wa maziwa, na alikuwa ameshaongea na Doto, mnunuzi wa skrepa wa Dongobesh.

"Siku tukimaliza kupiga maharage, Doto anakuja na lori," alimwambia mumewe. "Likiwa linawaka, nitalipanda mimi. Likiwa haliwaki, atalikata yeye."

Mzee alikuja kwangu akakaa kwenye kile kiti. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na siku ile alionekana nayo yote.

"Wakilikata, Letisia, mimi nitakuwa nimeendesha gari la watu maisha yangu yote, basi. Hakuna kingine." Akajikuna kichwa. "Na kuna tatizo. Sikuandika popote. Ng'ombe haandikwi. Sasa kichwa changu siku hizi kinavuja. Boneti iko kwa nani?"

"Kwa Agatha."

"Rejeta?"

"Kwa Gidion, kwenye banda la kuku."

"Silensa?"

"Kwa katekista. Amepandia maua."

Alinitazama kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani. "Vaa viatu," akasema. "Tunazunguka."

Tulizunguka siku sita, na kila nyumba tuliingia na sukari, kama inavyotakiwa. Sijawahi kucheka wiki moja mfululizo namna ile. Agatha alitupatia boneti, lakini kwanza alitufanya tusubiri avitoe vitunguu vyake kimoja kimoja, akaifuta kwa khanga, akaipiga busu. Katekista aliomba abaki na maua. Gidion alitukaribisha vizuri mno, chai na mayai ya kuchemsha, na hapo nikajua kuna jambo. Tulipomaliza kunywa aliingia ndani, akatoka amevua kofia, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Mzee," alisema, "yule wako alikufa."

"Alikufa?"

"Mwaka juzi. Dume la jirani lilivunja banda likamkanyaga." Akafunua kitambaa. Juu ya sinia palikuwa na mfuniko wa rejeta na kipande cha bati kilichopondeka. "Hii ndiyo ngozi yake."

Mzee Nikolausi alikigeuza kile kipande mkononi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe.

"Mbona hukuileta siku ile ile?"

"Niliona aibu, mzee."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alikwenda mara moja."

Chai ilinitokea puani. Mzee alijikaza, midomo ikamtetemeka, mwisho akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ngozi nimeipokea," alisema alipopata pumzi. "Mungu atatupa mwingine."

Mwingine tulimpata kwa Hatibu, fundi gari wa Dongobesh, aliyeunganisha rejeta moja kutoka kwenye tatu mbovu. Tangu siku ile Hatibu naye akanaswa. Alikuwa anafunga gereji mapema anakuja Tlawi kutazama vipande vinavyorudi. "Mzee Nikolausi," alisema, "gari lako lina walezi wengi kuliko yatima."

Kwa Margwe ndipo mambo yalipogoma. Kwanza mkewe alisimama mbele ya choo, mikono kiunoni.

"Mnachukua mlango, na sisi?"

"Tundikeni gunia kwa muda, mama," mzee alimwambia.

"Miaka kumi nimezoea kitasa, leo niingie kwenye gunia kama kilo ya mahindi?"

Gidion aliahidi kumtengenezea mlango wa mbao wenye dirisha la kusukuma, akatulia. Mlango ukafunguliwa. Tukasubiri gia boksi. Margwe alianza kutazama milima.

"Ile nayo," nilimkumbusha. "Ilikuja kwako kwa mkokoteni wa punda, siku ya Jumanne, ukasema utaiweka ghalani."

"Niliiweka," alisema. "Halafu kuna mtu alikuja msibani, akaiomba. Ana dume kali, alitaka kitu kizito cha kulifungia."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Dirma."

Hakuhitaji kumaliza. Mzee alinigeukia, akasema kwa upole: "Letisia, wewe baki. Nitakwenda na Hatibu. Sisi tunafuata gia boksi tu, hatufuati mengine."

"Nyie fuateni gia boksi," nilisema. "Mimi nakwenda kuliona dume."

Tulikwenda kwa pikapu ya Hatibu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu maharage yaishe, na bila gia boksi ile Landrova ingekuwa boksi la bati lenye injini. Tuliteremka upande wa Hanang, mlima umesimama mbele yetu hauna hata wingu, tukafika Dirma mchana. Yohanes alikuwa amekaa nje na wazee wawili wa jirani. Nyuma yake, pembeni ya zizi, palikuwa na dume jeusi, limefungwa kwa mnyororo kwenye gia boksi ya Mzee Nikolausi. Lilikuwa na doa jeupe usoni kama karatasi iliyochanwa. Doa lile nalijua. Bibi yake nilimkamua kwa mikono hii.

"Shikamoo shemeji," nilimsalimia, maana adabu sikunyang'anywa.

"Marahaba. Mama Fabiola! Mbona umenenepa?"

"Nimepata pa kukaa."

Mzee Nikolausi aliweka sukari chini, akaeleza kilichomleta, taratibu, kama mtu anayefuata ng'ombe wake. Yohanes alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wale wazee.

"Mimi nina jiwe langu la kufungia dume. Gia boksi siijui. Na kama ni hiyo, imekaa hapa miaka saba. Kitu kikikaa kwa mtu miaka saba ni cha nani tena?"

Hatibu alifungua mdomo. Nilimwahi.

"Shemeji, hebu nisaidie kukumbuka," nilisema. "Siku ya kikao kule Tlawi ulisema maneno mazuri sana mbele ya wazee. Ulisema hata ipite miaka ishirini, mwenyewe akija anaondoka naye. Au ile ilikuwa kwa ng'ombe wa wajane peke yao?"

Mzee mmoja alikohoa. Yule mwingine akauliza, "Yohanes, ulisema hivyo?"

"Alisema," Mzee Nikolausi alijibu. "Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele."

"Tena hili dume," niliendelea, nikilisogelea, "sura yake siyo ngeni. Ngoja niwaeleze wazee mama yake ni nani, na mama wa mama yake alitoka kwa..."

"Chukueni!" Yohanes alisimama kiti kikaanguka. Kilikuwa kiti changu, nilikitambua kwa mguu uliofungwa waya. "Chukueni chuma chenu mwondoke!"

"Na dume litakaa wapi?" Hatibu aliuliza, amejaa huruma.

"Nitalifunga kwenye mti!"

Alilifungua mwenyewe, kwa haraka, likamburuta nusu ya uwanja kabla ya kufika kwenye mti. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Tulipakia gia boksi watu wanne. Nilidhani sasa tunaondoka tukiwa washindi, lakini Mzee Nikolausi alirudi, akampa Yohanes mkono.

"Ahsante kwa kutunza," alimwambia. "Gari likitembea, kila mtunzaji anapewa safari moja. Ndiyo ndama wake. Na wa kwako nitamleta."

Ndani ya pikapu sikuweza kuvumilia. "Baba, hata huyo?"

"Letisia, pale umetumia sheria au hukutumia?"

Hatibu alicheka peke yake mpaka Dongobesh.

Hatibu alileta kabureta na betri kuukuu kutoka gereji yake, badala ya zile zilizoibwa, na wiki tatu zile yeye na mzee waligombana kama ndugu. Huyu anasema waya unapita hapa, yule anasema nimeendesha gari hili kabla hujaota ndevu. Majirani walikuja kila mmoja kutazama kipande chake kinavyofungwa, na kila mmoja aliona chake ndicho muhimu. Gidion alileta ubao mpya wa sakafu ya nyuma, bila kuombwa, kwa ajili ya marehemu. Kiti changu ndicho kilichoingia mwisho. Nilikibeba mwenyewe.

Siku tuliyopiga maharage ya mwisho, uwanja mzima wa Bibi Zita ulikuwa umejaa maganda na wanawake wenye fimbo. Doto alifika na lori na vijana wake na mitungi ya gesi ya kukatia. Mzee Nikolausi alikuwa amevaa shati la Jumapili. Alikaa nyuma ya usukani, akapiga stata. Ikalia kidogo, ikakata. Akapiga tena. Kimya. Bibi Zita alishusha fimbo yake. Nadhani na yeye hakutaka likatwe.

"Ni betri, siyo gari!" Hatibu alipiga kelele. "Betri imechoka!"

Doto alizunguka Landrova mara mbili, mikono mfukoni. "Mimi nanunua kilichokufa," alisema. "Hiki sijaridhika kama kimekufa." Akaenda kwenye lori lake, akafungua betri yake mwenyewe, akaileta.

Stata ikalia kwa nguvu, injini ikakohoa, ikakataa. "Sukumeni!" mzee aliita. Tukatupa fimbo. Wapiga maharage, Agatha, Margwe na mkewe, vijana wa skrepa, Doto mwenyewe, wote mabega kwenye bati, tukalisukuma kuelekea mteremko. Likatembea hatua kumi, ishirini, likaruka kama ndama aliyeshtuliwa, likanguruma. Moshi ulitufunika. Kuku walipanda juu ya nyumba. Mzee akalizungusha chini kwenye njia panda, akalirudisha linapanda kilima lenyewe, anapiga honi, na injini ilipopata moto boneti ikaanza kutoa harufu. Miaka kumi ya vitunguu saumu. Tlawi nzima ilinukia kama jikoni kwa sherehe.

Bibi Zita alipanda mbele na fimbo yake mkononi, maganda ya maharage kichwani. Walikwenda mpaka kanisani na kurudi. Aliposhuka alikuwa anajifuta macho.

"Moshi," alisema. Kisha akamwambia mumewe, "Banda tutajenga upande ule mwingine." Na kwangu akasema, "Mama Fabiola, kiti chako kinaumiza mgongo. Kichukue."

Jioni hiyo mzee alinikuta nakusanya maharage yaliyotawanyika. "Wengine wote wanapata safari moja," alisema. "Wewe ulikuwa kichwa changu. Ndama wako ni yupi?"

Nilikuwa nimeshafikiri. "Ni kile kiti. Kila ukienda kumlipa mtunzaji safari yake, mimi nakaa pale."

"Kila mtunzaji?"

"Kila mtunzaji, baba."

Akanielewa, akatikisa kichwa, akacheka.

Tulianza na Agatha, tukampeleka Dongobesh mnadani na magunia yake. Gidion alipelekwa kwa wakwe. Mke wa Margwe aliomba azungushwe kijijini tu, polepole, mara mbili. Dirma tuliiacha mwisho. Yohanes alikuwa amepigiwa simu, na inaonekana alikuwa ametangaza, maana tulipofika watu walikuwa wamejipanga kando ya njia, na yeye amesimama mbele yao na koti na kofia mpya. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akashika kitasa.

"Shikamoo shemeji," nilimwambia.

Alinitazama, akatazama kiti, akamtazama Mzee Nikolausi. Mzee alikuwa anakagua kioo chake kwa makini sana.

"Mimi ndiye mwenye safari leo," Yohanes alisema.

"Ndiyo. Karibu sana. Mbele pana mtu, panda nyuma."

Watu walikuwa wanatazama, na koti alikuwa ameshavaa. Akazunguka akapanda nyuma, kati ya tairi la akiba na gunia la vitunguu saumu la Agatha, akashika bomba la turubai kwa mikono miwili. Mzee akaingiza gia. Ile gia boksi iliingia laini, bila hata mlio. Tukapita mbele ya zizi, mbele ya mti wenye dume jeusi, mzee anapiga honi, na mimi nikasukuma dirisha pembeni nikaanza kuitikia salamu za watu.